Leso Juu ya Kompyuta

Asubuhi hiyo ya mwaka tisini na tano, madereva wa malori walijazana katika ofisi moja ya mizigo pale Magongo, kila mmoja akidai karatasi zake, na kompyuta ya Mwikali, karani wa ofisi, imegoma. Tajiri mwenye ofisi akaita fundi. Aliyeingia, shati jeupe limenyooka kwa pasi, harufu ya udi ikimtangulia, alikuwa Khatibu wa Mjambere. Ndiye aliyemwahidi Mwikali ndoa, kisha tangu Ramadhani akaacha kumpigia simu bila sababu wala kwaheri.

Mwikali alimtazama kama anayetazama ukuta. Machozi yalikwisha zamani, ikabaki ganzi. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kosa lake.

"Hujambo, Mwikali?"

"Sijambo. Mgonjwa ni mashine."

Mgongo wa mashine ulikuwa umefunikwa leso nyekundu. Khatibu akaiondoa, akaiweka kando, akatega sikio. Ndani diski iligonga, tak, tak, isishike.

"Iliangushwa?"

"La."

"Stima ilikatika?"

"Haijakatika."

Akaifungua. Feni ilikuwa imesongwa na nyuzi nyekundu.

"Diski imekufa kwa joto," alisema. "Mashine inawaka, nawe waifunika gubigubi. Itapumua wapi?"

"Naikinga vumbi la malori."

"Kwa leso niliyokupa mimi." Sauti ilimshuka. "Siku moja Ramadhani nalikuja kukushtukiza, nikaiona imetandikwa hapa. Wallahi, leso huvaliwa na mtu. Nikajua umenifanya tambara."

Mwikali alingoja hasira ije. Haikuja.

"Kwetu kitambaa kizuri kuliko vyote mama hukifunikia redio, kila mgeni akione. Ungeniuliza, Khatibu."

Fundi mzima, bingwa wa kuuliza mashine maswali, kwa mchumba hakuuliza hata moja. Akababaika na bisibisi yake.

"Leso ni doti," alisema mwishowe. "Kipande cha pili ki wapi?"

"Nalala nacho."

Khatibu akainamisha kichwa. Dereva mmoja akagonga kaunta.

"Nisamehe, mpenzi. Kesho naleta diski mpya. Jumamosi, inshallah, namleta mama kwenu na posa."

"Diski lete. Mama mwambie angoje. Sijasikia kitu bado moyoni."

"Atangoja. Nami nitangoja."

Akaikung'uta leso, akampa. Mwikali akajitanda mabegani. Ilikuwa bado na joto la mashine, na hilo alilisikia.