Karatasi ya Aliyeswali Kwangu

"Bi Kahonzi, kwani mtu akiswali nyumbani kwako, ndiyo hasemi uongo?"

Hilo ni swali aliloulizwa na Mumbua, jirani yake katika mtaa wa Barani, huku pwani. Mumbua ni Mkristo kutoka bara, na kazi yake ni kuwaeleza watu sheria. Siku hiyo Bi Kahonzi alikasirika. Leo hulikumbuka kila atandikapo msala wa marehemu mumewe.

Mwanawe, Ngowa, aliendesha tuktuk. Jioni aliandika darsa fupi la dini kwenye Facebook. Ijumaa moja aliandika juu ya vijana waliochukuliwa na polisi wasirudi. Alisema anayeficha mtoto wa mwenziwe atamjibu Mungu. Basi. Hakumtukana mtu.

Jumatatu akakamatwa. Alasiri ikaja hodi. Alikuwa mwanamume wa kofia nyeupe, sauti ya upole.

"Shikamoo mama. Nimetoka kituoni, nataka kumsaidia Ngowa. Lakini alasiri isinipite. Nipate maji ya udhu?"

Bi Kahonzi alimpa maji, akamtandikia msala wa marehemu. Mgeni akaswali, akavuta tasbihi taratibu. Hapo Mumbua, aliyekuja kumpa pole Bi Kahonzi, akamnong'oneza swali lile. Kisha mgeni akatoa karatasi.

"Tia saini tu, mama, kwamba ni mwanao. Kesho yuko nyumbani."

Bi Kahonzi alifika darasa la saba. Kusoma anajua. Hakusoma. Aliona kumkagua mtu aliyetoka kusujudu ni kumvunjia heshima.

Kortini karatasi ikasomwa. Ati mama mwenyewe amekiri kwamba mwanawe huchochea vijana. Ngowa alimtazama mamake mara moja tu. Akafungwa miaka miwili.

"Niliambiwa ni ya kumtoa!" Bi Kahonzi alimlilia Mumbua. "Mbona hukunionya?"

"Nilikuuliza siku ileile, mama. Ukaniambia nisiguse dini yako."

Bi Kahonzi akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Hata kanisani kwetu," Mumbua akasema, "yuko anayeimba kushinda kwaya nzima, na kuku wangu ni yeye aliyewaiba."

"Usinichekeshe, mwanangu. Nimemfunga mtoto wangu."

"Basi nisikize. Mtu akikamatwa ana haki aambiwe sababu. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Apelekwe kortini ndani ya saa ishirini na nne, au siku ya korti inayofuata. Nawe, karatasi usiyoisoma usiitie saini, hata aje nayo nani. Sema, namwita wakili kwanza. Huo si ukaidi."

Mumbua akawatafutia wakili, naye akakata rufaa. Wiki moja kabla ya kusikizwa, ikaja hodi. Kofia ileile.

"Shikamoo mama. Nipate maji ya udhu?"

Maji alipewa. Msala wa marehemu haukutoka. Alitandikiwa mkeka wa barazani. Alipomaliza kuswali, akatoa karatasi.

"Hii ni ya kumpunguzia kifungo."

Bi Kahonzi akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, kidole juu ya kila neno: "Mimi, mama wa Ngowa, nathibitisha kuwa niliyoyasema kwanza yote ni kweli."

Angetia saini, rufaa ingekufa hapo. Akamrudishia.

"Siitii saini. Ukiwa na neno, wakili wetu yuko."

"Mama, huniamini? Si nimeswali hapa kwako?"

"Umeswali. Swala yako ni yako na Mungu. Karatasi hii ni ya mwanangu, na Alhamisi nikienda jela nitamwambia kwamba safari hii nimesoma."

Yule mtu akakunja karatasi, akavaa viatu, akatoka.