Mchoro Mdogo wa Jumamosi

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma, duka la matairi. Kipara, mkubwa wa genge, alitandaza ramani ya makumbusho juu ya pipa.

"Mchoro wenyewe mdogo, unaingia kwenye begi. Saa tano kamili walinzi wanabadilishana zamu. Dakika nne, tumetoka."

"Leo Jumamosi," alisema Fremu, fundi wa kutengeneza fremu za picha. "Makumbusho ni bure kwa mtaa mzima. Wazee wana darasa la kuchora."

"Na mama yako yumo?"

Fremu aliitikia kwa kichwa. Tangu baba yake afariki, mama alikuwa amejifungia ndani. Darasa lile ndilo lililomrudishia kicheko. Sasa alitembeleana na wenzake kumi na mmoja ambao zamani hata salamu hawakupeana.

"Saa tano wanakunywa chai uani. Hatatuona."

"Akituona namwondoa," alisema Kipara, akacheka peke yake.

Saa 5:01.

Waliingia wawili, nyuso zimezibwa. Mlinzi alipigwa kitako cha bastola, meno mawili yakabaki sakafuni. Ukutani palikuwa na msumari mtupu.

Wazee walikuwa wameomba kuuona mchoro kwa karibu, na makumbusho yale hayakuwa na kawaida ya kuwanyima kitu. Ulikuwa darasani, mezani, na wazee wote kumi na wawili wameuzunguka, penseli mkononi. Chai walikuwa wameisahau.

"Chukua!" Kipara alifoka.

Fremu alifuta viganja mapajani, akaunyanyua kwa mikono miwili kutoka chini, akaupuliza vumbi. Ujinga mtupu! Ndivyo alivyofundishwa kushika picha na baba yake, na mama alikuwa ameutazama ufundi ule miaka thelathini.

"Mwanangu?"

Kipara alimwelekezea mama bastola. "Huyu anakujua?"

"Simjui."

"Basi hutaumia nikimmaliza."

Fremu aligeukia mlango, mchoro mikononi. Aliiogopa jela kuliko alivyompenda mama yake, na hilo alilijua pale pale.

Bibi mmoja, mshonaji mstaafu, alisimama. "Ni mtoto wa mwenzetu. Yule wa fremu."

"Ndiye huyo," akadakia mwingine. "Na kwake tunapajua."

Wakasema wote kwamba wanamjua. Kipara alihesabu vichwa. Bastola ilikuwa na risasi sita. Wazee walimjua Fremu tu, na Fremu peke yake ndiye angeweza kumtaja Kipara.

"Kumi na wawili siwezi," alisema. "Mmoja naweza."

Alimpiga Fremu risasi mbili za kifua, akakwapua mchoro, akatoka.

Saa 5:04.

Mama alipiga magoti, akamvua kofia iliyomziba uso. Fremu alikuwa bado anapumua.

"Mama," alisema.

"Si umesema hunijui?"

Alitaka kumjibu. Pumzi haikutosha.