Kirusi Ndani ya Chanjo

"Nyigu, lori limeshapakiwa. Linasubiri saini ya Mkuu wa maabara tu."

"Nipe dakika kumi, Bosi."

"Huna kumi."

Simu ya ukutani ikakatika. Ya mkononi haikushika mtandao humo maabarani. Kuta zote zilikuwa za chuma.

Nyigu, jasusi aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumkamata akabaki salama, aliinama nyuma ya fundi wa mashine ya kusoma vinasaba. Kwenye skrini ya kompyuta ya Dell kulikuwa na mistari mitatu ya herufi.

"Wa juu ni chanjo halali," fundi alisema. "Kirusi cha herpesi, kinachoshambulia koo la kuku, kimedhoofishwa. Wa kati nimeusoma kwenye chupa za lori. Wa chini umetoka kwa kuku waliokufa mwaka jana."

"Chupa zinafanana na upi?"

"Na wa chini, dada. Herufi laki moja na nusu, na tofauti haifiki hata kumi."

Chanjo hiyo ni ya matone ya machoni. Kwa hiyo kuku milioni mbili wangedondoshewa kifo machoni, na wafugaji wakisema asante. Kisha matajiri wa ng'ambo waliomnunua Mkuu wangeleta kuku wao sokoni.

Mlango ukajifunga.

Mkuu alisimama nyuma ya kioo, ovaroli yake nyeupe pe. Sauti yake ikatoka kwenye spika ya darini.

"Pole, fundi. Ulikuwa mchapakazi."

Akazima laini ya simu ya ukutani, akabonyeza kitufe cha gesi ya kuulia vijidudu, akaondoka zake.

Gesi ikaanza kushuka. Macho yakawasha, koo likakauka. Nyigu aliogopa, tusidanganyane. Alikuwa ametoroka magereza matatu, lakini chumba kisichopitisha hata pumzi hakijui ujanja.

"Dada, tumekwisha!"

"Acha kelele. Mlango huu unabanwa na nini?"

"Mpira. Unajazwa upepo kuzunguka mlango."

"Upepo unapita wapi?"

Fundi akaonyesha kibomba chembamba juu ya bawaba, huku akikohoa.

Nyigu akachomoa kisu chake cha Leatherman. Akakata.

Mpira ukanywea. Teke la kwanza halikufanya kitu. La pili likafungua.

Walijitupa koridoni wakikohoa kama wavuta bangi. Nyigu akatazama saa. Dakika saba zilikuwa zimepita. Mkuu angekuwa getini tayari, kalamu mkononi.

Ndipo aliposikia maji.

"Yuko bafuni," fundi alinong'ona, haamini. "Hakuna anayetoka huku bila kuoga. Miaka ishirini anatufokea kwa hilo."

Nyigu akavuta pazia, bastola ya Glock mbele.

Mkuu alikuwa na povu mpaka masikioni.

"Toka. Mikono juu."

"Nimalize kwanza," Mkuu alisema. "Nakuomba, mama. Kichwa bado hakijasuuzwa. Nina kuku nyumbani."

"Unawaogopea nini? Si chupa zina chanjo tu?"

Mkuu akafumbua mdomo. Povu likamwingia.

Nyigu akamfunga pingu, akamtupia taulo. Fundi alikuwa ameshaikamata simu ya koridoni, akampigia Bosi wa Nyigu.

"Bosi? Zuia lori! Chupa zote zichomwe!" Akaanza kulia, na hakujificha.

Walinzi waliotumwa na Bosi wakamchukua Mkuu. Nyigu akaingia bafu la pili, akaoga kwa sabuni mara mbili, akatoka kwenye jua la saa sita akipangusa maji shingoni.