Siku Sofia Alipoongoza Bila Jembe

Katika majira ya palizi, watoto wa upande wa juu wa kijiji cha Naipingo hawakuhitaji jogoo. Walikuwa na Sofia binti Swalehe. Kila Jumamosi alfajiri alipita nyumba hadi nyumba, jembe begani, akigonga milango kwa mpini. "Nyie, amkeni! Mnalala kama magogo!" Aliyechelewa kutoka alisemwa njia nzima mpaka shambani.

Watoto hao walikuwa na kundi lao la kupalilia. Jumamosi hii walikwenda shamba la kina huyu, Jumamosi ijayo la kina yule, na mwenye shamba aliwapikia uji. Kiongozi wao alichaguliwa na kina mama mvua zilipoanza. Mwaka ule, ambao ulikuwa mwaka 1952, walimchagua Sofia kwa sababu moja tu: hakuna mtoto aliyemshinda kwa jembe. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mikono myepesi, na ulimi mwepesi zaidi.

Baba yake, Mzee Swalehe, alikuwa amefanya kazi ya mashamba ya karanga kule Nachingwea. Aliingia kama mkata visiki, akatoka akiwa nyapara, yaani msimamizi wa wenzake. Kazi zilipopungua alirudi nyumbani na koti la kaki na hadithi nyingi. Hadithi aliyoipenda Sofia ni ile ya kundi la baba yake kumaliza kung'oa visiki kabla ya makundi mengine yote. Namna walivyomaliza hakuwahi kuuliza. Kwake ilitosha kujua kwamba walikuwa wa kwanza.

Basi Jumamosi moja ikafika zamu ya Bibi Mwanawetu. Bibi huyu alikuwa na miguu iliyovimba, hawezi kusimama muda mrefu. Aliishi na mjukuu wake Fatu, msichana wa miaka kumi, ambaye mama yake alikuwa amefariki. Fatu alikuwa hajaanza shule. Bibi alimwahidi kwamba ufuta wa shamba lao ukivunwa utapelekwa Ruangwa, utauzwa, na nguo ya shule itanunuliwa. Kwa hiyo Fatu aliuangalia ule ufuta kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso.

"Leo tunamaliza kabla jua halijawa kali," Sofia alitangaza walipofika. "Jumamosi iliyopita kundi la Isihaka wa upande wa chini walimaliza mapema, wakatuimbia njia nzima. Leo zamu yetu kuwaimbia."

Wakajipanga mstari. Sofia akaanza, na kweli jembe lake lilikuwa likiruka. Kabla wenzake hawajatoka jasho, yeye alikuwa amefika mbele peke yake. Akageuka, akashika kiuno.

"Fatu! Unapalilia au unawasalimia wadudu?"

"Nakuja, dada."

"Unakuja kesho? Na wewe Shaban, mbona unagombana na mwenzako?"

Watoto wakacheka, wakaongeza mwendo. Fatu naye akaongeza. Jembe lake lilikuwa la bibi yake, zito, na mpini mrefu kumzidi. Miche ya ufuta ilikuwa bado midogo, imejificha ndani ya magugu. Ukipalilia polepole unaiona. Ukikimbizwa, unakata chote unachokikuta.

Seleman, jirani wa Fatu kwenye mstari, ndiye aliyeona kwanza. "Mama yangu! Fatu, umekata ufuta!"

Fatu akatazama chini. Nyuma yake miche mingi ilikuwa imelala pamoja na magugu. Nyuma ya Seleman pia ilikuwapo, na nyuma ya Shaban. Fatu akaanza kulia.

"Usilie, Sofia atatusikia," Seleman akanong'ona. Akaokota mche uliokatwa, akauchomeka ardhini, akaubana kwa kidole. Ukasimama vizuri kabisa. "Umeona? Nani atajua?"

Wakachomeka mche baada ya mche. Sofia aliporudi kukagua aliona sehemu kubwa ya shamba ni safi na ufuta umesimama. Akapiga makofi. "Haya ndiyo mambo! Isihaka atajijua mwenyewe."

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya mche usio na mizizi ni fupi zaidi. Jua lilipopanda utosini, Bibi Mwanawetu alikuja taratibu na chungu cha uji. Akasimama mwisho wa shamba. Mistari iliyokuwa imesimama asubuhi sasa ilikuwa imelala chini, majani yamenyauka. Bibi akainama kwa shida, akavuta mche mmoja. Ukatoka bila mzizi.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

Kiswahili cha Bibi kilikuwa kifupi, maana lugha yake ilikuwa Kimwera. Lakini swali hilo kila mtu alilielewa.

Sofia alishtuka sana. Aliona miche, akaona alama za lile jembe zito, na ulimi wake ukatangulia kabla ya akili. "Ni Fatu, Bibi. Nilimwambia toka asubuhi hajui kazi."

Fatu akaangua kilio. Bibi akamtazama Sofia.

"Fatu akate nguo yake mwenyewe?" alisema. "Kiongozi hapa nani?"

Sofia akatazama jembe lake.

"Haya. Kunyweni uji."

Uji ulikuwa wa karanga, mtamu, na hakuna aliyeweza kuumeza.

Jioni ile Mzee Swalehe alikuwa amekwisha kusikia. Kijijini habari haihitaji posta. Alimkuta binti yake nyuma ya nyumba, akisugua jembe ambalo lilikuwa safi tayari.

"Lete hilo," alisema.

Sofia akampa. Baba akaingia ndani, akaliweka darini, akatoka akipangusa mikono.

"Kesho mtarudi shambani kwa Bibi Mwanawetu. Wewe utaongoza bila jembe."

"Bila jembe, baba? Nitafanya nini sasa? Watanicheka!"

"Wacha wakucheke. Siku waliyonipa unyapara Nachingwea, kitu cha kwanza walichoninyang'anya ni shoka. Nilikasirika kama wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nakata kuliko wote! Nyapara mzee, Saburi, akaniambia, 'Swalehe, kuanzia leo hatukulipi kwa visiki unavyong'oa wewe. Tunakulipa kwa visiki wanavyong'oa hawa.' Ungeniona siku hiyo, ungedhani nimemeza jiwe."

Sofia alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kwa majuto. Majuto yalikuja alipolala na kumkumbuka Fatu.

Asubuhi alikwenda kwanza kwa Bibi Mwanawetu. Akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, ufuta haukukatwa na Fatu. Niliwakimbiza mimi. Kisha nikamsingizia. Naomba radhi, na wewe Fatu pia nisamehe. Leo tutarudishia mbegu pale palipokatwa, na kupalilia pale palipobaki."

Bibi akaingia ndani, akaleta kibuyu cha mbegu. "Mvua bado ipo," alisema. "Msikimbie."

Shambani wenzake walipomwona mikono mitupu, Seleman hakuiacha nafasi hiyo. "Jamani, kiongozi amekuja kutalii! Mkono mtupu haulambwi, Sofia. Leo uji hunywi!"

Sofia alitaka kumjibu. Akaumeza ulimi wake, akapita nyuma ya mstari, akatazama. Hakuwahi kuwatazama wenzake wakipalilia, kwa kuwa siku zote walikuwa nyuma ya mgongo wake. Sasa aliona kwamba Shaban anatumia mkono wa kushoto, ndiyo maana jembe lake linagongana na la jirani. Hakuwa mgomvi hata kidogo. Aliona jembe la Fatu linavyomburuza. Na aliona jambo jingine: Fatu alipoweka jembe chini, aliyatenganisha magugu kwa vidole na kuupata mche bila kutafuta.

"Fatu, unajuaje kwamba upo hapo?"

"Si niliupanda mimi, dada. Naijua mistari yote."

Sofia alisimama akifikiri. Kisha akasema, "Shaban, hamia mwisho wa mstari upande wa kushoto, upate nafasi ya kurusha mkono. Seleman, wewe una jicho, chukua mbegu, ujaze mapengo. Fatu, weka jembe. Tangulia mbele, utuonyeshe ufuta ulipo. Sisi wote tutafuata mwendo wako."

"Wa Fatu?" Seleman akauliza. "Tutafika mwakani!"

"Hata tukifika mwakani, tufike na ufuta."

Hawakumaliza mapema. Kundi la Isihaka lilipita likiimba, tena kwa makusudi, na Sofia akasaga meno. Lakini jua lilipopanda utosini, Bibi Mwanawetu alipita mstari hadi mstari akivuta miche, na kila mche aliouvuta ulimkatalia. Uji wa siku ile ulinyweka mpaka chungu kikalambwa, na Sofia aliupata wa kwake.

Jembe lilikaa darini mpaka palizi ilipokwisha. Ufuta uliorudishiwa ulichelewa kidogo, lakini ulizaa. Siku gunia la Bibi Mwanawetu lilipofungwa kwenda Ruangwa, Mzee Swalehe alishusha lile jembe, akamwita Sofia mbele ya watoto waliokuja kusaidia kubeba.

"Sikilizeni na nyinyi, maana kesho mtaajiriwa, wengine mtapewa vyeo," alisema. "Mtu hupandishwa kwa kuwa hodari wa kazi yake. Lakini akishapandishwa, kazi imebadilika. Wengi hawajui hilo. Wanang'ang'ania shoka lao la zamani, wanawaacha nyuma watu wao, na mambo yakiharibika wanamnyooshea kidole aliye mdogo kuliko wote. Kiongozi hapimwi kwa alipofika yeye. Anapimwa kwa alipofika wa mwisho wake. Sofia, chukua jembe lako. Sasa unaweza kulishika."

Sofia akalipokea. Lilikuwa jepesi, mpini wake mfupi, umelainika kwa viganja vyake mwenyewe. Akalipima mkononi kidogo, kisha akamgeukia Fatu.

"Mwakani palilia na hili," alisema. "Lile la Bibi nipe mimi. Nina nguvu za kulibeba."