Duara la Chaki

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, binti wa fundi cherehani alimpelekea baba yake kikombe cha maji, akasimama hapo hapo mpaka vidonge vyote vimezwe. Miaka minne nyuma shangazi alimpa baba figo lake moja, na vidonge hivyo ndivyo vilivyouzuia mwili usilikatae. Binti hakuwa na mzaha na kazi yake. Alichungulia hata chini ya ulimi, ndiyo maana baba akambandika jina la Mkaguzi.

Asubuhi moja Mkaguzi aliikazia macho plasta iliyokuwa juu ya sikio la kushoto la baba. Alipouliza, akaambiwa kinyozi amemkwaruza. Jibu lilikuwa safi, ila plasta ile ilikuwapo tangu kabla ya mitihani, na matokeo yalikwisha kutoka. Kinyozi gani huyo anayekwaruza pale pale kila wiki?

Tangu hapo hakumwondolea jicho. Aligundua kwamba baba akiwapima wateja huwageuzia sikio la kulia. Aligundua pia kwamba anaimba mno, na baba yake haimbi ila ana jambo analolificha.

Kwenye ukuta wa chumba cha kushonea palining'inia kalenda. Baba alizungushia duara tarehe zake za hospitali kwa chaki ile ile ya kuwekea alama vitambaa. Mwezi ule duara lilikuwa Jumanne, siku ya uchunguzi wa saratani, ambao waliopandikizwa figo hufanyiwa kila mwaka. Jumanne ilipopita baba alisema amekwenda, amepimwa, ni buheri wa afya.

Jioni binti aliisogelea kalenda. Duara halikuwapo. Palibaki ukungu mweupe wa chaki iliyofutwa kwa kiganja, na duara jipya lilikuwa limehamia mwezi ujao. Akafunua miezi ya nyuma. Miezi mitatu mfululizo ilikuwa na ukungu ule ule.

Aliogopa sana. Kumchongea baba yake mzazi lilikuwa jambo zito, lakini kumpoteza lilikuwa zito zaidi. Kesho yake alipotoka shule alipitia sokoni kwa shangazi, muuza mboga, akamweleza yote. Shangazi aliinuka papo hapo. Alifunika mboga zake kwa gunia bichi, wakaondoka.

Baba alipowaona wote wawili mlangoni, miguu yake iliacha kukanyaga cherehani.

"Bandua plasta, kaka," shangazi alisema.

Chini yake palikuwa na kidonda kidogo, kigumu, kilichokataa kupona. Baba alijitetea kwamba yeye haziamini hospitali, na kwamba anayekwenda kutafutiwa ugonjwa hakosi kupewa. Kisha sauti ikamshuka.

"Nikiambiwa ni saratani nitakutazamaje usoni, dada? Figo lako litakuwa limepotea bure."

"Sikukupa figo ili ukajifiche nyuma ya plasta," alijibu shangazi.

Walikwenda hospitali asubuhi iliyofuata. Kipande cha kidonda kilipimwa, na baada ya siku kadhaa majibu yakatoka: saratani ya ngozi, bado changa. Ikakatwa yote. Daktari aliwaeleza kwamba vidonge huwalegeza walinzi wa mwili ili wasilishambulie figo, lakini walinzi waliolegea huweza kupitwa na saratani pia. Kwa hiyo vidonge vinaendelea, na uchunguzi nao usikosekane, hata kama mtu hasikii maumivu.

Nyumbani, binti alikiri kwamba yeye ndiye aliyetoboa siri.

"Nilijua," baba alisema. "Nani mwingine huchungulia chini ya ndimi za watu?" Akacheka, halafu akaacha. "Hukukosea kunishuku, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea. Nilikishuku kidonda, nikakifunika. Jambo la afya ukilitilia shaka, lipeleke likaangaliwe mapema, hata kama unaogopa jibu."

Akachukua chaki aweke alama kwenye tarehe ya uchunguzi ujao. Mkaguzi akamwondolea chaki mkononi. Aliitungua kalenda, akatunga uzi mwekundu kwenye sindano, akaizungushia tarehe ile mishono midogo midogo, kama baba alivyomfundisha, kisha akavuta fundo likakaza.

"Haya, baba," alisema. "Futa sasa."