Siku ya Kumi Iliyokuja Mara Mbili

Kila asubuhi, kabla Bibi Indu hajamaliza chai yake, Mrunal husimama mbele ya kalenda ya Kihindu ya jikoni, inayofuata mwezi wa angani, na kumsomea siku: ni ya ngapi ya mwezi, ina nyota gani, saa zipi ni njema. Bibi ana mtoto wa jicho, hayaoni tena maandishi madogo. Majirani hapo barazani nao hutega sikio, na Mrunal, mwenye miaka kumi na mmoja, huona fahari kweli kweli.

Jumanne moja wenzake walikuwa wakimngoja nje na kamba ya kuruka. Kalenda hakuitazama hata kidogo. Jana ilikuwa ya kumi, akajumlisha moja.

"Leo kumi na moja, Bibi. Siku ya kufunga, hakuna wali wala dengu."

"Mbona imekuja mbio hivi?" Bibi alishangaa. "Hata sago ya mfungo sijaloweka. Haya, nitashinda na viazi."

Alipotoka shuleni, Mrunal alimkuta jirani yao, Shangazi Sulbha, akila wali kwa dengu.

"Shangazi, leo hufungi?"

"Nifunge nini, mwanangu? Kufunga ni kesho. Siku ya mwezi hailingani na ya jua, kwa hiyo kila siku huitwa kwa ile ya mwezi iliyopo jua linapochomoza. Safari hii ya kumi imekuwa ndefu, jua limechomoza mara mbili kabla haijaisha, ndiyo maana imeandikwa mara mbili. Kwani msomaji wetu si wewe?"

Mrunal alinyong'onyea. Bibi hakuwahi kukosa kufunga kwa miaka thelathini na minane, na kesho angekula wali bila kujua. Angeweza kumdanganya kwamba kumi na moja ndiyo iliyokuja mara mbili, lakini basi Bibi angeshinda na njaa siku ya pili. Akisema kweli, pengine asingeachiwa kusoma kalenda tena. Alimkuta Bibi amejiegemeza ukutani, sahani ya viazi pembeni, akamwonea huruma sana.

"Bibi, leo ni ya kumi tena. Sikuitazama kalenda. Nilijumlisha tu."

 Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Yaani nimeshinda na viazi bure? Pakua wali, mjukuu wangu, na samli usiibanie. Ukimaliza, loweka sago ya kesho."

Walikula mpaka wakalamba vidole.

Asubuhi Mrunal aliweka kidole juu ya kalenda, akasoma polepole: "Kumi na moja."

"Umeangalia au umejumlisha?" Shangazi Sulbha aliuliza kutoka barazani, na watu wote wakacheka, Mrunal akiwa wa kwanza.

"Mwacheni msomaji wangu," Bibi alisema, akimvuta Mrunal karibu. "Kukosea kila mtu hukosea. Mimi siyaoni maandishi haya, kwa hiyo namhitaji mtu atakayeniambia akikosea. Huyu aliniambia mwenyewe, wala hakuna aliyemlazimisha. Ataendelea kunisomea."