Msumari Kwenye Shafti

Kila asubuhi, watu wa mtaa mmoja wa Wazo waliamshwa na injini ya Khalfani. Haikuwa injini ya kubembeleza mtu. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikaanza kudunda mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mkanda mrefu ulitoka kwenye puli, lile gurudumu la chuma la injini, ukaenda kuzungusha mashine ya kusaga. Ndani ya kibanda cha mabati, Khalfani alimimina mahindi juu, na mkewe Mwajabu akakinga unga chini. Ikifika adhuhuri, wote wawili walikuwa weupe kuanzia kope mpaka kandambili.

Kazi ile ilichosha. Lakini Mwajabu hakuilalamikia, kwa sababu aliikumbuka kazi yake ya zamani. Kabla ya mashine, alikuwa akitembeza vitumbua. Alibeba beseni kichwani tangu alfajiri, akapanda kilima na kushuka, mpaka miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Muuguzi wa zahanati alimwambia, "Mama, miguu hii ikiendelea hivi, utashindwa kutembea kabisa." Injini ilipoanza kuwapa riziki, beseni likatundikwa ukutani. Mwajabu alipolitazama alisema moyoni, "Kaa hukohuko."

Upande wa pili wa ukuta aliishi Kokuberwa, mama kutoka Bukoba. Mtaani walimwita Mama Clara. Alikuwa fundi mkereza katika karakana moja ya Mwenge, kazi yake kukata na kusawazisha vyuma kwa mashine. Khalfani alikuwa amemnunia. Mama Clara alikwenda kwa mjumbe wa mtaa kushtaki kelele za injini, na Khalfani akaamriwa asiiwashe kabla jua halijachomoza. Alitii. Lakini tangu siku ile, salamu zake kwa Mama Clara zilikuwa za kichwa tu, mdomo haukuhusika.

Tatizo lilianza kwa kitu kidogo sana. Puli ya injini huvaa kwenye shafti, yaani ule mhimili wa chuma unaozunguka. Kwenye shafti kuna mfereji mwembamba, na kwenye puli kuna mfereji mwingine. Mifereji hiyo ikikutana, katikati hupigiliwa kipande cha chuma. Mafundi hukiita kii. Kii ndiyo inayoifunga puli na shafti ili zizunguke pamoja.

Siku moja kii ilikatika, na foleni ya wateja ilikuwa imefika nje. Khalfani akachukua msumari mnene, akaukata kwa tindo, akaupigilia mahali pa kii.

"Utashika kwa muda," alisema.

Muda huo ukawa miezi. Msumari ni chuma laini, tena ni wa mviringo, wakati mfereji una pembe. Ukalika, puli ikaanza kucheza. Khalfani akakata bati la kopo la maziwa, akalishindilia pembeni. Puli ikatulia, kisha ikacheza tena. Akaongeza bati jingine. Angeendelea hivyo mpaka makopo ya mtaa mzima yaishe.

"Baba Fakihi, injini inagonga," Mwajabu alimwambia. "Sikiliza. Ko, ko, ko."

"Injini zote zinagonga, Mama Fakihi."

"Hii haikuwa ikigonga hivi."

"Imezeeka. Hata mie nikiinama nagonga."

Ramadhani ilikuwa inakaribia. Kina mama walileta mtama na ulezi wa uji, mifuko ikajaa mpaka mlangoni. Katikati ya kazi, puli ililia kwa sauti kali. Harufu ya mpira ulioungua ikajaa kibandani, na mkanda ukaruka. Khalfani alikimbia kuzima injini. Alikuta msumari umekatika vipandevipande, na puli imekaa upande, imeng'ang'ania hapohapo.

Akasema ataivua. Akachukua nyundo kubwa, akaipiga puli kwa nyuma. Haikusogea. Akapiga kichwa cha shafti. Haikusogea. Alipiga asubuhi, akapiga jioni, akapiga kesho yake. Mwajabu alirudisha nafaka za watu, mfuko kwa mfuko, akiomba radhi mpaka sauti ikakauka. Wengine walipokea kwa upole. Wengine walipokea kimya, na hao ndio waliomuumiza zaidi.

Khalfani alirudi ndani amechoka. Alikaa kitini bila hata kunawa.

"Sasa itakuwaje?" Mwajabu aliuliza.

"Nimeongea na fundi wa kuchomelea. Kesho anakuja kuiunga puli na shafti, ziwe kitu kimoja. Mambo yataisha."

"Na isipokubali?"

Khalfani alijifuta jasho usoni. Mwajabu alikwenda ukutani, akalitungua beseni, akaanza kulifuta vumbi. Machozi yalimtoka. Alijua vitumbua vinapikwaje, na alijua kilima kina urefu gani. Asichokijua ni kama miguu yake ingekubali.

Asubuhi iliyofuata Khalfani alianza tena kugonga. Safari hii kipande cha puli kilimeguka, kikaruka, kikapiga bati karibu kabisa na sikio la Mwajabu. Mwajabu alipiga yowe. Hapo mlango wa ua ukafunguliwa, akaingia Mama Clara, mkoba begani, yuko njiani kwenda kazini.

"Hodi, jamani! Kuna aliyeumia?"

"Hakuna, Mama Clara," Mwajabu alisema, mkono kifuani. "Chuma kimenikosa."

Khalfani alishusha nyundo. "Umekuja kushtaki kelele tena, shemeji?"

"Kelele za injini nilizilalamikia, ndiyo. Hizi za nyundo ni mbaya zaidi. Hizi ni kelele za kitu kinachouawa." Mama Clara alimtazama Mwajabu, akaliona na beseni lililokuwa miguuni pake, safi, limepinduliwa. Aliijua historia ya beseni lile. Akaweka mkoba chini. "Naomba nione."

Khalfani alisita. Alikuwa amechoka mno hata kununa kulimshinda. Akasogea pembeni.

Mama Clara alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ncha ya shafti. "Umeona hapa? Nyundo imeitandaza ncha, imekuwa pana kama uyoga. Sasa puli itapitaje? Kila ukipiga, unaifungia njia mwenyewe."

"Nilidhani kutu ndiyo inaishika."

"Kutu ipo. Na msumari, na mabati yako. Tena kila pigo linakwenda ndani ya injini, kwenye beringi zinazobeba shafti. Ungezivunja hizo, ungelia zaidi."

"Basi fundi wa kuchomelea anakuja aiunge."

"Mwambie asije, shemeji. Akichomelea hapo, moto utaipinda shafti, na chuma kitakatikia palipochomelewa. Na siku beringi zikifa, puli utaitoaje? Utaikata shafti? Hiyo shafti ndiyo uti wa mgongo wa injini. Ikienda hiyo, injini yote ni chuma chakavu."

Mwajabu alimsogelea jirani yake.

"Mama Clara, inapona? Niambie ukweli tu. Kama haiponi nikaloweke mchele wa vitumbua."

"Inaweza kupona. Usiloweke kitu. Jioni narudi na vifaa."

Jioni alirudi kweli, macho mekundu kwa kazi ya kutwa, akivuta miguu. Mkobani alitoa kifaa chenye miguu mitatu kama makucha, na bolti ndefu katikati.

"Hii inaitwa pula. Yenyewe haigongi, inavuta."

Lakini hakuivalisha mara moja. Kwanza alisugua kutu kwa brashi ya waya. Akapiga tupa ncha ya shafti taratibu mpaka ule uyoga ukaisha. Akachomoa vipande vya msumari na bati kwa koleo, akamkabidhi Khalfani kimoja kimoja. Khalfani alivipanga kiganjani. Kisha Mama Clara akamimina mafuta membamba ya kulegeza kutu pale puli inapokutana na shafti.

"Leo basi. Yaache yapenye."

"Basi tu? Hatuvuti?" Khalfani aliuliza.

"Mafuta hayana haraka, shemeji. Na mie nimechoka, nataka kulala."

Kesho yake, siku ya Jumapili, alikuja baada ya ibada. Aliagiza tanki la dizeli litolewe, lipelekwe mbali. Aliagiza mafuta yote yaliyomwagika yafutwe, na ndoo ya mchanga iwekwe karibu. Akavalisha pula. Makucha yalishika kitovu cha puli, pale penye chuma kinene, si ukingoni ambako huvunjika kama chungu. Bolti ya katikati ikaegemea kipande cha chuma kilichowekwa kwenye ncha ya shafti, ili isiichimbe. Akakaza kidogo.

"Sasa moto. Tunapasha puli, siyo shafti. Chuma kikipata moto kinatanuka. Puli ikitanuka na shafti ikabaki ya baridi, zitaachiana."

Alizungushia shafti kitambaa kibichi karibu na injini, ili moto usiharibu mpira unaozuia oili kuvuja. Akavaa miwani, akampa Khalfani nyingine. Akawasha kichomeo cha mtungi wa gesi, akazungusha mwali polepole kuzunguka kitovu chote.

"Mama Fakihi, usikae mbele yangu. Hii ikiachia, inaruka. Kaa pembeni."

Mwajabu alisogea. Alishikilia nguzo ya kibanda kwa mikono miwili, midomo ikisoma dua.

Mama Clara akazima moto, akakaza bolti robo mzunguko, akagonga kichwa cha bolti kidogo kwa nyundo ndogo. Akakaza tena. Hakuna kitu. Akapasha tena, akakaza tena. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

Ndipo likasikika, "Ta!"

Puli ilisogea. Upana wa ukucha tu, lakini ilisogea. Khalfani akacheka kwa sauti kama mtoto, akajisahau, akanyakua kopo la maji apoze puli.

"Acha!" Mama Clara alimzuia. "Ukiimwagia maji itapasuka. Iache ipoe yenyewe."

Puli ilipotoka, walichokiona hakikupendeza. Mfereji wa shafti ulikuwa umepanuka na kupasuka kingo, na pembeni chuma kilikuwa kimelika. Khalfani aliinamisha kichwa.

"Msumari mmoja," alisema.

"Msumari mmoja," Mama Clara alisema. "Lakini shafti haijapasuka ndani. Tuipeleke Mwenge."

Fundi wa injini aitwaye Anselmo, mwenzake Mama Clara wa karakanani, alikuja kuifungua injini na kutoa shafti. Kule Mwenge, Mama Clara aliifunga kwenye mashine yake ya kukereza, akapima kwanza kama imepinda. Haikuwa imepinda. Akakereza sehemu iliyolika mpaka ikawa duara safi. Akatengeneza bushi, yaani pete ndefu ya chuma kigumu, akaipasha moto, akaivisha shafti. Ilipopoa ikabana. Kisha akachonga mfereji mpya upande mwingine, ule ambao msumari haukuugusa, na kii ya chuma cha kufaa iliyoingia bila kucheza. Puli iliyomeguka haikurudishwa. Walitafuta nyingine, tundu lake likakerezwa lilingane na shafti.

Injini ilipofungwa upya, Mama Clara alivuta uzi kutoka puli ya injini mpaka puli ya mashine. Alihakikisha zimekaa mstari mmoja ndipo akaruhusu mkanda uvalishwe. Akamtaka Khalfani atengeneze na kinga ya mabati, mkanda usije ukanasa kanga ya mtu.

"Na ukisikia ko, ko, ko?" aliuliza.

"Nazima," Khalfani alijibu.

"Halafu?"

"Namsikiliza Mama Fakihi."

Mwajabu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mkanda uruke.

Asubuhi ya kuwasha ilifika, Ramadhani ikiwa mlangoni. Kina mama walikuwa wameshapanga mifuko yao nje. Khalfani alisimama kando ya injini, mkono kwenye hendeli, hawashi. Jua lilishachomoza. Alikuwa akiutazama ukuta wa jirani.

"Unangoja nini?" Mwajabu aliuliza.

"Naona haya. Mtu katutendea wema wote ule, halafu nimwamshe kwa kelele zilezile?"

Sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta. "Shemeji! Washa hiyo injini, bwana! Tangu ife nachelewa kazini kila siku. Nilikuwaga naamka kwa hiyo!"

Mtaa mzima ulicheka. Khalfani alizungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikaanza kudunda. Mwajabu aliinamisha sikio. Alisikiliza kwa muda mrefu. Haikugonga.

Unga wa kwanza ulikuwa wa ulezi wa Mwajabu mwenyewe, laini, bado una joto. Alilitungua beseni lake, lililokuwa limerudi ukutani, akalikinga chini ya mashine mpaka likajaa. Miguu ilimuuma, maana bado haikuwa imepona. Lakini safari ya beseni siku ile ilikuwa fupi. Alilibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye ukuta wa jirani, akalipitisha juu, na mikono ya Mama Clara ikalipokea.

"Na beseni nikurudishie lini?" Mama Clara aliuliza.

"Kaa nalo," Mwajabu alisema, akarudi kwenye mashine.